Kurekodi papa na taa dikoni: mwongozo kamili kwa anayeanza na futi kamba, daftari na simu

Mwanafunzi akisema anataka kufanya utafiti wa papa, cha kwanza anachoulizia ni vile vifaa vya setilaiti wanavyofungwa papa mgongoni, droni, na boti ya kwendea nje. Vizuri vyote, ila bei yake usiniulize, na mara nyingi swali alilonalo linajibika asubuhi palepale dikoni, wavuvi wanaposhusha na kuuza samaki, vyombo vikianza kurudi. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu papa na taa (wale samaki bapa) wa pwani hii imetokana na samaki walioletwa na wavuvi wadogo. Silesti wa Tanga, samaki wa kale waliodhaniwa wametoweka zamani, walianza kuonekana kwa wingi miaka ya mwanzo ya 2000 ndani ya majarife (nyavu kubwa za kutega) yaliyotegwa kuvulia papa, hakuna aliyekuwa anawatafuta. Na 2020 tu hapa wanasayansi walitangaza spishi mbili mpya za papa msumeno wenye matundu sita ya matamvua kila upande, mmoja wa Madagascar na mwenzake, Pliotrema annae, wa maji ya Zanzibar. Kwa hiyo ukisimama dikoni na futi kamba ujue uko kazini kwelikweli.

Kwa nini ujisumbue? Tathmini kubwa ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliyotoka 2021 ilipitia spishi 1,199 za papa, taa na jamaa zao, ikakuta 391 wako hatarini kutoweka, na ukikadiria na wale ambao data zao hazitoshi inapita theluthi moja ya wote. Sababu kuu ni uvuvi uliozidi. Sasa hao ambao data zao hazitoshi ndio kazi yetu, maana papa anaingia, ananadiwa, anakatwa vipande, anaondoka na baiskeli ya mchuuzi na kwenye takwimu anaandikwa "papa" tu, au "papa na taa" kwa pamoja, kilo kadhaa basi. Hiyo namba haisaidii mtu. Papa mwenye mita moja akiwa wa spishi ndogo ni mtu mzima ameshazaa, akiwa pingusi (papa nyundo) bado mtoto mdogo kabisa.

Kwanza jua unauliza nini

Usianze kwa "nataka kukusanya data za papa". Utakusanya kila kitu na mwisho hutajua ufanye nini nacho. Chagua swali moja dogo: je, pingusi wachanga wanaletwa miezi gani hapa? Jarife na dhulumati (mshipi mrefu wa ndoano nyingi) zinavua spishi zilezile? Taa wanaoletwa wameshafikia umri wa kuzaa au bado? Swali ndilo litakuambia upime nini, siku gani, na nini uachane nacho.

Na unatakiwa uelewe kidogo biolojia yao ili swali liwe na maana. Changu au dagaa anamwaga mayai kwa maelfu, papa hapana. Pingusi yule wa kawaida zaidi kwetu, Sphyrna lewini, anabeba mimba miezi 9 hadi 12 na kuzaa watoto 12 hadi 40 hivi, na jike hazai mpaka akaribie mita 2 au azidi hapo, inachukua miaka mingi. Taa mkubwa yule wa manta anazaa mtoto mmoja baada ya mimba ya mwaka mzima hivi, halafu anaweza kupumzika miaka miwili au zaidi. Ukivua mama wa namna hiyo, kumrudishia nafasi yake baharini ni kazi ya miaka. Ndo maana kwenye karatasi zetu tunahangaika sana na jinsia na ukomavu kuliko uzito.

Vibali na kujitambulisha

Hii naipitia haraka ila usiiruke. Tanzania Bara kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, Kenya ni NACOSTI, Zanzibar wana utaratibu wao peke yao kwa hiyo kibali cha Bara usidhani kinakufikisha Unguja. Taasisi za utafiti wa uvuvi, yaani TAFIRI, ZAFIRI na KMFRI kule Mombasa, na Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar ndio watu wa kuongea nao mapema, wanaweza wakawa tayari wana fomu na utaratibu wa kurekodi, kwa nini uanze upya.

Kibali cha karatasi hakikuingizi dikoni lakini. Kinachokuingiza ni viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe), au kamati ya wavuvi na sheha ukiwa Zanzibar, na bwana samaki (afisa uvuvi) wa eneo. Nenda kwanza bila daftari. Shikamoo kwa wazee, za baharini kwa vijana, kaa kwenye benchi uone mnada unavyokwenda, nani anapanga samaki, nani anapiga bei, kina mama wanaokaanga wanasubiri upande gani. Eleza waziwazi kwamba hutozi ushuru, huripoti nyavu za mtu, na huzuii biashara. Halafu ukishasema hivyo ushike neno lako, usije ukapiga picha ya nyavu ya mtu ikaonekana kesho kwenye ofisi fulani, hapo umeshafunga mlango, na wa kwako na wa mtafiti atakayekuja baada yako. Picha ni za samaki, sura za watu ziache nje ya fremu.

Na usinunue papa ili uwapime. Najua inavutia, ila ukianza kununua unatengeneza soko, mtu atakuletea kile unachokipenda. Subiri wanaokuja kwa kawaida.

Siku za kwenda, hapa ndo wengi wanaharibu

Mtu anapiga simu dikoni anauliza "leo kuna papa?" akiambiwa wapo anakwenda, akiambiwa hamna analala. Mwisho wa mwaka ana data nzuri sana inayoonyesha papa wapo kila siku! Data hiyo ni ya kutupa. Siku ambayo hakuna papa hata mmoja ni data vilevile, unaandika sifuri, unaandika vyombo vingapi viliingia, unasaini.

Panga siku zako kabla mwezi haujaanza. Upate siku za bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na za maji mafu (yakibadilika kidogo), maana mikondo inabadilika na mitego nayo. Upate usiku wa giza na wa mbalamwezi, wa majarife wengi wanapenda giza kwa sababu kwenye mwanga samaki wanaiona nyavu. Halafu upate kaskazi na kusi, hili ni la lazima, kusi ikivuma vyombo vidogo vinabaki ndani ya mwamba na unachokiona dikoni si kile kilichopo nje, ni kile ambacho watu wameweza kukifuata. Kaskazi bahari ikitulia wanakuja wavuvi wa dago, wale wanaohamia na kupiga kambi, na vyombo vyao na nyavu zao, diko linabadilika kabisa. Aliyerekodi kaskazi peke yake asije akatuambia habari za mwaka mzima.

Kama huwezi kwenda kila siku, na nani anaweza, chukua siku chache kwa bahati nasibu kila wiki ila uzishike. Mvua isikuzuie.

Vya kubeba

Futi kamba ya fundi cherehani haitoshi, beba na tepu ya mita 5 isiyoshika kutu. Daftari lenye jalada gumu na penseli, si biro, chumvi na maji na mafuta ya ini vinafuta wino. Simu yenye kamera nzuri na nafasi. Vibao vidogo au karatasi zilizopigwa nailoni zenye namba. Glovu nene, buti za mpira. Chupa ndogo kama utachukua vipande vya nyama, hilo nakuja nalo. Mizani si lazima.

Neno la usalama: mwiba wa taa unachoma hata akiwa amekufa, na papa mdogo aliyetulia mchangani anaweza bado kuuma. Ukichomwa na taa, tia mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, kaa humo dakika 30 hadi 90, maumivu yanapungua, halafu nenda hospitali maana kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani.

Chombo kikiingia

Una dakika chache kabla mnada haujaanza. Muache nahodha ashushe, mpe salamu, usimkimbilie na maswali akiwa bado yuko kwenye maji. Ukimpata, muulize vitu vichache tu: alivua wapi (jina la mwamba au bamba wanavyoliita wenyewe), kina cha pima ngapi, kwa zana gani, wavuvi wangapi, alitega saa ngapi na kupandisha saa ngapi. Akiwa na nyavu, uliza vipande vingapi na macho inchi ngapi. Akiwa na dhulumati, ndoano ngapi na chambo gani.

Jihadhari na saa. Nahodha akikuambia alipandisha saa kumi anamaanisha alfajiri, saa 10 ya Kiswahili, wewe kwenye karatasi ya kitafiti uandike 04:00. Nimeona faili zima ambalo nyavu zinapandishwa kabla hazijategwa kwa sababu mmoja aliandika Kiswahili mwingine Kizungu. Amueni moja, na muiandike juu ya fomu.

Hesabu pia vyombo vyote vilivyoingia asubuhi hiyo, hata ambavyo hujavipima, na uvitenge kwa zana. Bila hiyo namba huwezi kupiga hesabu ya diko zima.

Kumtambua

Hapa chukua muda. Anza na matundu ya matamvua: yakiwa ubavuni ni papa, yakiwa chini upande wa tumbo ni taa. Basi, sheria hiyo inakuvusha mahali ambapo macho yanadanganya. Papa upanga pamoja na jina lake matundu yako chini, kwa hiyo kisayansi ni taa. Papa msumeno yeye anafanana naye, ana msumeno puani, ila matundu yako ubavuni na ana sharubu mbili ndefu kwenye msumeno, huyo ni papa kweli. Na wale wenye kichwa kilichochongoka na mkia wa papa ambao dikoni wanaitwa papa na mapezi yao yanauzwa ghali, wageuze uwaone chini, ni taa.

Hao wa mwisho wanahitaji uangalifu maana karibu wote wa kundi la Rhynchobatus IUCN iliwaweka 2019 kwenye daraja la hatari kubwa kabisa. Pezi la kwanza la mgongoni likiwa limekaa usawa wa mapezi ya tumboni na mkia una ncha ya chini inayoonekana wazi, huyo ni Rhynchobatus. Pezi la kwanza likiwa limerudi nyuma sana ya mapezi ya tumboni, huyo ni wa kundi jingine, wale wenye umbo la gitaa.

Pingusi, wengine wanamwita papa nyundo, angalia ukingo wa mbele wa kichwa. Umepinda na katikati kabisa una kijipengo: Sphyrna lewini. Umepinda ila katikati hakuna pengo: zygaena. Umenyooka karibu mstari, na pezi la kwanza la mgongo refu sana limejikunja kwa nyuma: huyo ni mokarran, mkubwa kuliko wote. Lewini na mokarran wote wawili wako daraja lilelile la hatari kubwa, kwa hiyo usiandike "pingusi" ukaishia hapo.

Taa wakubwa wenye pembe mbili za kichwani: mdomo ukiwa mbele kabisa ni manta, ukiwa chini ya kichwa ni jamaa zake wadogo wa Mobula, ingawa siku hizi wanasayansi wamewaweka wote jenasi moja. Papa wenye ncha nyeusi za mapezi hapo ndo shida, wako wengi na wanafanana, hata wataalamu wanabishana. Usilazimishe. Andika "Carcharhinus, sijui yupi" (hilo ni jina la jenasi yao), piga picha, chukua kipande cha pezi. Aliyeandika hajui ananisaidia kuliko aliyebahatisha.

Kila samaki apate safu ya jina la kienyeji pia, kama mvuvi alivyolitamka, usilisahihishe. Majina yanabadilika toka diko hadi diko, na wakati mwingine mzee anatenganisha aina tatu pale ambapo wewe unaona moja, ukirudi kwenye picha unakuta yuko sahihi.

Picha zenyewe: kibao cha namba na tepu ndani ya fremu. Ubavu mzima toka pua hadi mkia, kichwa kwa chini, mdomo na meno, pezi la kwanza la mgongo kwa karibu. Taa mpige juu na chini. Mwagie maji kwanza mchanga utoke, na kivuli chako kisikatize samaki.

Kupima

Mlaze papa kwa tumbo au ubavu mahali tambarare, mnyooshe. Tepu inakaa chini kando yake ikiwa imenyooka, haipiti juu ya mwili, ukiipitisha juu inafuata mnene wa mgongo na utapata sentimita zisizokuwepo. Toka ncha ya pua unachukua vipimo vitatu: hadi kwenye kikonyo mkia unapoanza, hadi kwenye panda ya mkia, na hadi ncha ya mkia. Hicho cha mwisho kina mgogoro, kuna wanaoacha mkia ukae ulivyo na kuna wanaounyoosha kuendelea na mstari wa mwili, tofauti yake si ndogo. Chagua mmoja, andika upi, timu nzima ifuate. Mimi nauamini zaidi wa pandani kwa sababu ncha ya mkia mara nyingi imekatika au imeliwa.

Kwa taa wa kawaida achana na urefu, mkia umeshakatwa huko huko baharini kwa ajili ya mwiba. Pima upana, ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine. Ila wale wenye mwili wa papa, gitaa na Rhynchobatus na papa upanga, wapimwe urefu.

Uzito pima kama mwenye samaki amekubali na haumcheleweshi. Kama hujapima hakuna hasara, FishBase, hifadhidata ya samaki mtandaoni, wana namba za a na b kwa spishi nyingi, unaweka kwenye fomula ya uzito sawa na a mara urefu kipeo cha b, unapata makadirio. Angalia tu namba hizo zimetumia urefu upi, wa panda au wa ncha.

Dume, jike, mtu mzima, mtoto

Mgeuze. Ndani ya mapezi ya tumboni dume ana viungo viwili vimening'inia kwa nyuma, wavuvi wana jina lao, ukiuliza mbele za watu watacheka lakini watakuambia. Jike hana. Hii unaweza kuijua hata kwa papa mchanga wa siku moja.

Ukomavu wa dume ni rahisi na hauhitaji kisu. Vishike viungo: vikiwa vifupi na laini, bado mtoto. Vikiwa vimerefuka kupita mapezi ila vinapinda, anakaribia. Vikiwa vigumu kabisa kwa sababu gegedu limeshashika chokaa, vinazunguka kuelekea mbele bila shida na ncha inafunguka, huyo kakomaa. Pima urefu wake toka ndani, andika sentimita na "laini", "kati" au "ngumu".

Jike mpaka apasuliwe, kwa hiyo urafiki na wale vijana wanaopasua ni muhimu. Akipasuliwa mbele yako angalia kama ana mayai makubwa ya njano au watoto. Wakiwemo watoto wahesabu, pima kila mmoja, angalia jinsia zao. Mara nyingi papa akinaswa anawatoa watoto kabla ya wakati, kwa hiyo namba uliyoikuta inaweza kuwa pungufu, iandike hivyo hivyo na maelezo. Ini nalo angalia, likiwa kubwa limejaa mafuta mwambie mwenye chombo asilitupe, wazee bado wanatengenezea sifa, yale mafuta ya kupaka dau.

Sasa kitu ambacho watu wanakipita na kina thamani kubwa. Geuza papa mdogo, angalia katikati ya mapezi ya kifuani. Papa wa familia ya pingusi na ya Carcharhinus wanaunganishwa na mama kwa kitovu, na wakizaliwa kovu linabaki wazi, unaona tundu dogo au mstari mwekundu. Baada ya wiki kadhaa linaziba, unabaki mstari mweupe, halafu unapotea. Kwa hiyo ukiandika "wazi", "linaziba" au "limeziba" unajua huyu kazaliwa majuzi, na kama alivuliwa karibu hapo basi mama alizalia karibu hapo. Pingusi lewini anazaliwa na sentimita 40 hadi 55 hivi. Ukiona ndoo ya hao wenye kitovu wazi wanakuja toka ghuba moja, mwezi uleule, mwaka hadi mwaka, umepata mazalia, na hapo una hoja ya kupeleka kwenye kikao cha BMU kuhusu kufunga eneo kwa miezi miwili badala ya kufunga bahari nzima.

Kipande cha vinasaba

Omba ruhusa, kata kipande kidogo cha pezi au nyama kisichozidi sentimita moja. Kwenye chupa tia ethanoli (alkoholi) ya asilimia 95 kwenda juu, si spiriti ya rangi ya dukani, na ethanoli iwe nyingi kuliko nyama. Kesho yake ibadilishe, ya kwanza imeshavuta maji. Kisu unakisafisha kwa jiki na maji kati ya samaki na samaki, la sivyo maabara watakuambia taa wako ni nusu papa.

Lebo ya nje inafutika, ethanoli ikimwagika kidogo tu wino wote unaondoka. Andika namba kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu, kitumbukize ndani ya chupa pamoja na nyama.

Kupeleka nje ya nchi usifanye kiholela. Pingusi wakubwa na manta waliingia kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) kwa uamuzi wa 2013, wakafuata wengine 2016 na 2019, na 2022 kule Panama ikaingia familia nzima ya Carcharhinus na jamaa zake. Maana yake karibu papa yeyote utakayemkata kipande dikoni anahitaji kibali kuvuka mpaka, hata kikiwa ndani ya chupa ndogo mfukoni.

Aliyekatwa, na ng'onda (samaki mkavu)

Vyombo vya mbali vinarudi na vipande, kichwa hakuna, mapezi yako kwenye kiroba chake, wengine wameshatiwa chumvi. Usikadirie urefu kwa macho. Pima kilichopo, andika "amekatwa", piga picha ya ngozi na ya pezi la mgongo kama lipo, chukua kipande. Vinasaba vinapatikana hata kwa papa mkavu wa sokoni, kwa hiyo kina mama wa ng'onda nao ni watu wa kuongea nao, wanajua mzigo umetoka wapi na bei ilikuwaje miaka ya nyuma.

Hesabu na faili

Ingiza data siku ileile jioni, mstari mmoja samaki mmoja, na karatasi nyingine ya vyombo. Safu ya kitu kimoja iwe na kitu kimoja, usiandike "120 dume mjamzito" ndani ya kiboksi kimoja (na dume mjamzito ukimpata nipigie). Picha zipewe namba ya samaki. Nakala mbili sehemu mbili.

Makadirio ya diko ni rahisi. Tuseme asubuhi hiyo vyombo 20 vya jarife vimeingia, umeweza kupima 8, vina papa 12. Wastani ni 1.5 kwa chombo, mara 20 ni 30. Unafanya hivyo kwa kila zana peke yake, usichanganye mshipi na jarife. Kwa ulinganisho wa mwaka na mwaka tumia idadi kwa chombo kwa usiku mmoja, si jumla, maana jumla inaweza kupanda kwa sababu tu vyombo vimeongezeka huku kila mmoja anapata kidogo kuliko zamani.

Walio hai

Dikoni hutawaona wote. Papa shilingi wa Mafia, wanaoonekana sana pale Kilindoni kuanzia Oktoba hivi hadi Februari au Machi, wanahesabiwa kwa picha. Madoa yake hayabadiliki, kwa hiyo unapiga ubavu wa kushoto kwa nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani, ukiwa usawa wake, na programu ya kompyuta inalinganisha madoa. Hesabu zake zilichukuliwa kwa wanafalaki, wao walikuwa wanalinganisha nyota. Kaa mita 3 toka mwilini na zaidi upande wa mkia, usimguse, usitumie flashi. Mafia walikuja kugundua kwa vifaa vya sauti kwamba msimu ukiisha wengi hawaondoki, wanasogea tu mbali kidogo na ufukwe na kushuka chini ambako watu hawawaoni.

Kwenye miamba kuna kamera za chambo: fremu ya chuma, kamera moja, kilo moja ya samaki wa mafuta waliopondwa, inakaa chini saa moja au zaidi. Unaandika idadi kubwa kabisa ya spishi moja ndani ya fremu moja, si kila anayepita, vinginevyo papa mmoja anayezunguka utamhesabu mara kumi. Kwa njia hiyohiyo utafiti mmoja mkubwa uliotoka 2020 ulikagua miamba 371 katika nchi 58, na karibu asilimia 20 ya miamba hawakuona papa kabisa.

Akinaswa akiwa hai na mvuvi yuko tayari kumwachia, saidia vizuri. Taa na wa gitaa wanavumilia, mbebe kwa kumshika mwili pande zote mbili, usimvute mkia wala usiingize vidole kwenye matamvua. Pingusi anakufa haraka sana nyavuni, kwa huyo kilicho na msaada ni kutotega pale wanapozalia.

Kurudisha majibu, na yule adimu

Kila baada ya msimu nenda na karatasi moja kubwa yenye picha na michoro, ibandike kibandani kwa BMU, kaa nao mbishane. Watakuambia kwa nini Julai papa walishuka, na mara nyingi ni sababu ambayo usingeiona kwenye Eksel, labda injini ya boti kubwa ilikufa au bei ya pweza ilipanda wote wakahamia huko.

Papa upanga akiletwa, acha kazi nyingine zote. Kwenye pwani hii ameshakuwa wa kusimuliwa tu. Picha, vipimo vyote, kipande cha vinasaba, na simu kwa bwana samaki na taasisi ya utafiti asubuhi hiyohiyo. Na hata asipoletwa bado unaweza kumtafiti, uliza wazee nani ana upanga wake nyumbani. Ukiukuta umetundikwa, omba uupime toka kwenye shina hadi nchani, hesabu meno kila upande, na uangalie yamepangwaje: yakiwa na nafasi sawa na ni 14 hadi 24 kila upande ni Pristis pristis, yakiwa mengi na yanabanana kadri unavyokaribia nchani ni Pristis zijsron. Muulize mzee ulivuliwa wapi na mwaka gani, kama hakumbuki mwaka muulize ilikuwa kabla au baada ya tukio analolikumbuka, harusi ya mwanawe au mafuriko fulani. Upanga wenyewe uache ukutani, usiununue na usimtafutie mteja, biashara yake ya kimataifa imefungwa na CITES toka 2007.